Samaki Mmoja wa Venanti

Mate ya mbwa ni najisi kwangu, na tangu nizaliwe sijamgusa hata mbwa mmoja wa Zipora. Hata hivyo mbwa wake wote wamekula kwangu. Mimi ni Batuli, mama yake Nasiri, muuza samaki. Nanunua Magara wavuvi wanaporudi, nauza Minago, huku kwetu Burundi, kando ya barabara, na vichwa na matumbo ambayo wateja hawayataki nampelekea Zipora kwenye ndoo. Nasimama nje ya ua, namwaga, narudi nyuma haraka, na yeye hunicheka. Urafiki wetu ulianzia hapo. Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kusamehe. Anayetafuta hadithi ya watu wanaokumbatiana mwishoni aende msikitini au kanisani, huko wanazo za kutosha.

Zipora alizaliwa Ulyankulu, Tanzania, wazazi wake walikokimbilia baada ya mauaji ya mwaka sabini na mbili. Baba yake alifuga mbwa wa kulinda mahindi dhidi ya nguruwe pori, na wakimbizi wenzake wakawa wanakuja kuomba watoto wa mbwa. Mzee yule hakumpa mtu mbwa hivi hivi. Alikuwa akisema mbwa hapewi nyumba, hupewa mtu, na nyumba humpata kupitia mtu huyo. Zipora alikua akiyasikia hayo kila siku, na wakimbizi waliporudishwa nyumbani kwa malori, yeye, mjane tayari, alishuka Minago na magodoro mawili, masufuria, na jike la mbwa limefungwa kwenye kitenge. Jike hilo liliitwa Bahati.

Kiwanja cha baba yake alikikuta kina mtu. Mtu huyo ni Venanti, mwenye mashine ya kukamulia mawese, mwenye tumbo, mwenye kiti chake cha mbele kanisani. Tume ya ardhi ilikuja, ikagawa, na mstari wa michikichi ulioko katikati ukaangukia upande wa Zipora. Venanti alitia sahihi kwa mkono, moyo haukutia. Aliendelea kukata mikungu ya michikichi ile mchana kweupe, na Zipora akilalamika anaambiwa arudi kwao Tanzania. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Zipora ilikuwa Venanti.

Bahati ndiye aliyeikata kamba hiyo. Alikuwa analala chini ya michikichi, na mtu akija na panga anasimama tu, habweki, anamtazama. Venanti alijaribu mara kadhaa akarudi na suruali iliyochanika. Michikichi ikapumzika.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja Venanti alikuja mwenyewe kwenye meza yangu ya samaki. Wanaume wa aina yake hawanunui samaki, hutuma mke. Siku hiyo alikuja peke yake, akachagua mukeke mmoja mnono, mmoja tu, akamfunga kwenye jani la mgomba, akaondoka bila hata kubishana bei. Ana mke na watoto wamejaa nyumba, na samaki mmoja. Nikacheka moyoni, nikadhani mzee ana kimada. Mchana huohuo Bahati akakutwa amelala chini ya mchikichi, povu mdomoni, na kando yake jani la mgomba na mkia wa mukeke.

Alikuwa amezaa, watoto hata macho hawajafungua. Walilia, wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Zipora aliwalisha maziwa ya mbuzi kwa kitambaa, akabaki na mmoja, jike.

Tulikwenda kwa shefu wa kilima, mkuu wa kijiji chetu, mimi na yeye. Nikaeleza habari ya samaki. Venanti alikuwa ameketi pale miguu ameinyoosha.

"Kununua samaki iko kosa?" akauliza.

Wazee wakacheka. Shefu naye akacheka, akasema, "Mutu alikufa? Hapana. Mbwa ndiyo ilikufa. Bamama, mwende mulime."

Kicheko kile bado kinaniwasha mpaka leo. Nilirudi njiani nikimtukana Venanti, baba yake, na babu yake ambaye sikuwahi kumjua. Tulifika kwa Zipora. Akasimama mlangoni, akaniambia kwa kile Kiswahili chake cha Ulyankulu, polepole, "Mama Nasiri, nataka siku moja yule mtu aonje alichompa Bahati."

Niliogopa. Na nikisema kweli, nilifurahi pia.

Kwetu huku jina la mbwa ni barua kwa jirani. Usiyeweza kumwambia neno, unamfugia mbwa. Yule mtoto aliyebaki Zipora akamwita Ndabizi, maana yake kwa Kirundi ni "ninalijua jambo hilo". Kila asubuhi, Venanti anapokunywa uji wake, Zipora alikwenda mpakani na kuita kwa sauti yake yote, "Ndabizi! Ndabizi!" Mbwa mwenyewe mara nyingi alikuwa miguuni pake.

Ndabizi alipokua, Zipora akampandisha kwa dume la mapadri, lenye kifua kipana na sauti nzito, na hapo ndipo jina lake lilipoenea pwani yote ya ziwa, Muhuta mpaka Rumonge mjini. Watu walikuja kwa pikipiki na baiskeli kutafuta watoto wa mbwa, wengi wakarudi mikono mitupu. Mtoto hakutoka kabla mama yake hajamfundisha adabu ya meno, kwa maana aliyeachishwa mapema anauma ovyo hajui mwisho. Watoto wakiwa wanacheza, Zipora aliangusha kifuniko cha sufuria nyuma yao. Kuna aliyekimbia asirudi, kuna aliyekimbia akarudi kunusa, na kuna ambaye hakugeuka hata kidogo. Aliwalaza chali kiganjani mmoja mmoja, kuona nani anapigana na nani anatulia. Mpaka wanaanza kula ugali, alikuwa anawajua kama mama anavyowajua mapacha.

Halafu aliwachunguza watu. Alikwenda kwao bila kuarifu, akaomba maji ya kunywa, akaangalia kuku wanavyofukuzwa na watoto wanavyoitwa. Aliyeuliza habari ya kamba kabla ya kuuliza habari ya chakula hakupata mbwa, hata awe nani. Waliofaulu aliwaita waje nyumba nzima, bibi mpaka mtoto wa mgongoni, wakae chini uani, wanyamaze. Kisha anawaachia watoto wa mbwa. Anauliza: nani anaamka wa kwanza kwenu? Nani anapika? Nani ana sauti kubwa? Hadji wa duka la vitambaa, Muislamu mwenzangu, alitaka yule mkubwa mwenye kifua. Zipora akampa mdogo aliyerudi kunusa, akamwambia dukani watu wanaingia na kutoka, anahitaji mbwa anayefikiri. Hadji alinung'unika njia nzima. Leo ukimsema vibaya mbwa yule, Hadji hakuuzii hata kanga.

Na kulikuwa na sheria moja iliyozaliwa siku ile ya Bahati. Mbwa wa Zipora hali cha mtu mpaka mtu huyo aonje kwanza mbele yake. Hapo ndipo nilipotumika mimi. Niliwatupia watoto wa mbwa vipande vya samaki kwa kijiti, vyenye pilipili ndani, bila kuonja. Wanarukia, wanalia, wanajifuta pua mchangani. Kisha Zipora anakuja na kipande kingine, anakiuma, anawapa, kitamu. Baada ya siku chache mimi na kijiti changu tukawa tunatazamwa kama wezi. Anayepewa mbwa alifundishwa hayo: tonge la kwanza jikoni kwako uliume wewe, umpe kwa mkono wako. Mkono huo mbwa hausahau.

Ikaja zamu ya Venanti kuibiwa. Wezi walimmalizia mikungu yake, wakabeba na madebe ya mawese. Mbwa wawili alionunua Bujumbura, mmoja alitoroka na mwingine alifanya urafiki na wezi. Siku hiyo nilikuwa kwa Zipora na ndoo yangu, nikamwona anapita katikati ya michikichi na kofia mkononi.

"Amahoro, mama," akasema. "Banasema uko na batoto ba mbwa."

Nikamtazama Zipora. 

"Ninao," akajibu. "Njoo Jumamosi na watu wako wote. Mtakaa hapa chini."

Venanti alitazama vumbi, akatazama suruali yake. "Miye niko mutu mukubwa. Siwezi kuikala chini sababu ya mbwa. Muke wangu Clotilda atakuya."

"Basi aje Clotilda."

Alipoondoka nilimrukia Zipora kwa maneno. Nikamwambia ampe yule mwoga anayekimbia kifuniko, au yule mgonjwa wa masikio, au yule mwenye hasira, amng'ate mtu makalio. Akasema mbwa hana kosa, na hatamharibia mtoto wa Ndabizi maisha kwa ajili ya Venanti. Nikamuuliza, sasa kisasi kiko wapi? Akaendelea kuchambua mchele.

Clotilda alikuja Jumamosi na watoto wake. Ni mwanamke mwembamba, anayeongea akitazama mlango, hata pale pasipo na mlango. Walikaa chini. Zipora akauliza maswali yake.

"Miye ndiyo naamuka wa kwanza," Clotilda akasema. "Miye ndiyo napika. Sauti kubwa iko ya baba yabo."

"Akipaza sauti, wewe unafanya nini?"

 Clotilda alivuta kitenge kufunika mkono, na mimi niliyesimama nje ya ua niliuona mkono ule na alama zake kabla haujafunikwa.

Watoto wa mbwa wakaachiwa. Mmoja, jike la kahawia, yule ambaye kifuniko hakikumgeuza, alipita kwa watoto wote bila kuwajali, akapanda mapajani kwa Clotilda, akalala. Wengine waliendelea kuvutana kitenge. Zipora alimtazama muda mrefu. Nilimjua, nikaona uso wake unabadilika. Alikuwa amempata mtu wa mbwa yule, na amepata na kitu kingine.

Alimfundisha Clotilda kila kitu. Akimpeleka nyumbani amfunike mbwa uso kwa gunia alilolalia Ndabizi, asiione njia ya kurudi. Tonge la kwanza aume yeye. Mume akitaka kumlisha, aume kwanza, la sivyo mbwa hatakula. "Na akipaza sauti," Zipora akasema, "wewe usijibu. Mwekee mbwa mkono shingoni, basi."

Clotilda alimwita Mwenzangu.

Venanti alimpokea mbwa kwa teke. Hakumlisha hata siku moja, hiyo ilikuwa kazi ya jikoni. Alimfunga kamba, Mwenzangu akaitafuna. Wezi walikoma, hilo Venanti alijisifia kila mahali. Lakini mbwa alikua, akawa na kifua cha lile dume la mapadri, na kila sauti ya Venanti ilipopanda, alikuta kitu cha kahawia kimesimama kati yake na mke wake. Hakibweki. Kinatazama tu, kama Bahati alivyokuwa akitazama. Kikulacho ki nguoni mwako. Mikono ya Clotilda ikapona. Kisha Venanti akawa hapiti langoni kwake jioni mpaka mke aitwe. Majirani tulimsikia kutoka bustanini kwetu, "Clotilda, njo ushike mbwa yako," na kila mmoja akajifanya anapalilia.

Nilikwenda kwa Zipora nikicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia kisasi kimetimia. Akasema mtu yule bado hajaonja.

Mtoto wa Venanti akapata komunyo ya kwanza. Karamu ilikuwa kubwa, na mimi niliagizwa mukeke wa kuchoma, sinia mbili. Siwezi kukataa biashara. Nilifika na sinia kichwani wakati watu wanatoka kanisani, Venanti mbele amevaa koti, kando yake shefu wa kilima, nyuma wageni na nguo zao za Jumapili. Langoni alikuwa amesimama Mwenzangu.

"Toka," Venanti akasema. Mbwa akaonyesha meno. Alipaza sauti, mbwa akasogea mbele. Wageni wakarudi nyuma, mama mmoja akakanyaga viatu vya mwenzake. Clotilda akaja kutoka jikoni na unga mikononi, akasema neno moja, mbwa akakaa. Wageni wakaanza kuingia mmoja mmoja bila taabu. Alipotaka kupita Venanti, mbwa akasimama tena.

Mtu mmoja akacheka. Ninakijua kicheko kile. Nilikisikia kwa shefu siku ya Bahati, safari hii kilikuwa kimegeukia upande mwingine.

Venanti akamwita Zipora kwa sauti juu ya michikichi, aje achukue mbwa wake mbaya. Zipora akaja, amevaa kitenge cha kawaida, mikono mitupu.

"Mbwa si mbaya, mzee," akasema. "Hakujui. Hujawahi kumpa chakula. Mpe leo, atakupisha."

"Nimupe nini?"

Zipora akageuka kwenye sinia yangu, akachagua mukeke mmoja mnono. Akamgeuza kwa vidole vyake, akamfuta majivu kidogo, akamfunga kwenye jani la mgomba lililofunika sinia. Akampa Venanti. "Uonje kwanza," akasema. "Mbwa wangu hawali cha mtu asiyeonja. Wote wanajua hapa."

Venanti alishika jani lile. Sote tulikuwa tunamtazama, shefu, wageni, mtoto na shada lake la komunyo. Samaki alikuwa ametoka moto kwangu, ndani hakukuwa na kitu ila chumvi na ndimu. Lakini Zipora alikuwa amemshika kwa mkono wake, na Venanti aliutazama mkono ule. Akamfungua samaki. Akamnusa. Akamgeuza upande wa pili, akanusa tena. 

"Onja, mzee," Zipora akasema kwa upole kabisa. "Ni samaki wa karamu yako."

Mkono wa Venanti ulipanda mpaka kifuani ukakwama hapo.

Shefu akamwuliza, "Venanti, unaogopa nini? Iko nini mu samaki?"

 Hakuna aliyecheka. Nilimtazama shefu, nikaona anakumbuka, na nilitaka akumbuke vizuri, kwa hiyo nikasema, sauti yangu nikaiacha itoke, kwamba siku ile ya Bahati vilevile alinunua kwangu mukeke mmoja, na vilevile alimfunga kwenye jani.

Clotilda akafuta unga mikononi. Akamsogelea mumewe, akamchukua samaki, akamuuma kipande kikubwa, akatafuna, akameza. Kipande kingine akampa Mwenzangu, naye akala kwa adabu. Kisha akamtazama Venanti usoni, na sikuwahi kumwona akimtazama mtu usoni.

"Ile samaki ya siku ile," akasema, "haikufika ku nyumba. Miye ndiyo napika. Sikuipika."

Venanti aliingia kwake kwa nyuma, pale ua wa matete ulipobomoka, akiinama na koti lake la Jumapili. Karamu ilikwenda mpaka mwisho bila yeye, na mukeke wangu wote waliisha. Juma lile shefu mwenyewe alisimamia upandaji wa miyenzi mipya, miti ya ua, mpakani mwa viwanja vile viwili, na hakuna aliyemwambia Zipora arudi Tanzania.

Mwenzangu yuko kwa Clotilda hadi leo, na Venanti sasa anauma tonge kwanza kila jioni, mbele ya mbwa, ndipo anapita. Zipora bado ana Ndabizi, amezeeka, haoni vizuri. Asubuhi anamwita kwa sauti ya chini, ya hapo hapo uani. Nilimuuliza kwa nini haiti tena kwa nguvu, akasema hakuna haja, watu wote wanajua. Mimi ningekuwa yeye, ningeendelea kuita mpaka koo likauke.